Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Saratani ithibitishwe kabla mtoto huntha hajapasuliwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Kenya. Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Na kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Afya ya Jamii.

KUH: UPASUAJI WA KUKINGA SARATANI KWA WATOTO HUNTHA

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi miaka 34 katika hospitali za Pwani, na 19 kati ya hiyo niliipitisha katika chumba cha upasuaji, nikimkabidhi daktari vifaa na kupokea kutoka mkononi mwake alichokitoa mwilini mwa mgonjwa. Nawaandikia kuhusu baadhi ya vitu nilivyovipokea, vilivyotolewa kwa watoto huntha, yaani waliozaliwa na maumbile ya kijinsia yasiyolingana kikamilifu na ya kike wala ya kiume. Sikuja kuushtaki upasuaji, wala sisemi kwamba kila tezi ya uzazi, yaani korodani au ovari, iachwe ilipo, kwa sababu wapo watoto ambao kuiacha ni kuwahatarisha, na nitawataja. Ninachosema ni kwamba hapa kwetu neno "saratani" limezoea kufungua mlango wa chumba cha upasuaji bila mtu kuliuliza linatoka wapi, na nyinyi ndio wenye mamlaka ya kuamuru liulizwe.

Mwaka 1998 aliletwa msichana wa miaka saba mwenye ngiri za kinena, kulia na kushoto. Ngiri ya mtoto ni kazi ya kila wiki, isiyomtisha yeyote. Daktari alipofungua upande wa kulia alikuta ndani ya kifuko cha ngiri kitu kidogo cheupe, kigumu kiasi, mfano wa lozi iliyomenywa. Akakigeuza kwa koleo, akafungua kushoto, akakuta cha pili. Zilikuwa korodani. Alisema, "Hizi zitamletea saratani baadaye," akazikata zote mbili, nami nikazipokea katika bakuli la chuma, nikazitia ndani ya chupa yenye formalini na kubandika karatasi ya jina na tarehe. Katika kitabu cha upasuaji niliandika kwa mkono wangu: "ngiri, pande mbili". Basi. Mama yake, aliyekuwa ameweka dole gumba kwenye fomu ya idhini ya kushona ngiri, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje amejitanda leso. Aliambiwa kwamba ngiri imeshonwa na kwamba kimeondolewa pia kitu ambacho kingegeuka saratani. Alimshika daktari mikono yote miwili, akamwombea dua.

Ile chupa ilipaswa kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, ambaye hukata utando mwembamba wa nyama na kuutazama kwa hadubini. Malipo ya kipimo hicho yalikuwa juu ya familia, na familia haikuambiwa kwamba kuna kipimo cha kulipiwa. Chupa ikakaa juu ya kabati wiki baada ya wiki, wino wa jina ukafifia, na siku moja ya usafi ikaondoka na taka nyingine. Kwa hiyo kiungo kilichotolewa kwa sababu ya saratani hakikutazamwa hata mara moja na mtu aliyeweza kusema kama kulikuwa na saratani.

Miaka 15 baadaye nilikuwa nimehamishiwa kliniki ya mifupa ya hospitali ile ile. Aliingia mwanamke wa miaka 22 aliyevunjika kifundo cha mkono baada ya kuteleza bafuni, anguko ambalo mtu wa umri wake huinuka akajipangusa na kuendelea na shughuli zake. Alikuwa mrefu, kifua chake kama cha mtoto, na hakuwahi kuvunja ungo. Mchumba alikuwa ameshakuja na kuondoka. Nilipomsaidia kuvaa gauni la eksirei niliona makovu mawili ya zamani kinenani, nikamuuliza alipasuliwa wapi na lini. Akajibu kwamba alishonwa ngiri utotoni, hapa hapa. Nilikwenda kukitafuta kitabu na kuusoma mwandiko wangu mwenyewe. Mwaka uliofuata, kwa mchango wa wauguzi wanne, alifanyiwa kipimo cha kromosomu, jibu likawa 46,XY, yaani kromosomu ambazo kwa kawaida ni za mwanamume. Huyo ndiye aliyenifanya niandike, na ameniruhusu nieleze habari zake bila ya jina lake.

Natumia neno huntha kwa makusudi. Magazetini huandikwa pia "wenye jinsia mbili", msemo unaopotosha, kwa kuwa hakuna anayezaliwa na jinsia mbili kamili. Huntha ni neno la lugha yetu, na lilikuwapo kabla ya hospitali. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao huu, walimtambua huntha mushkil, yaani yule ambaye hali yake bado haijabainika, wakaweka kanuni ya mirathi kwamba kila mrithi apewe sehemu yake yenye yakini na ile yenye shaka isimamishwe mpaka hali ibainike. Yaliyokuwa yakigawanywa ni mashamba ya minazi na nyumba za udongo, mali ambayo ingeweza kurudishwa ikigawanywa vibaya, na bado waliona vema isubiri. Najiuliza wangesema nini kuhusu bakuli langu la chuma.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe, maana hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa, na hapa ndipo wazazi wanapopewa maelezo machache kuliko mahali pengine pote.

Hali zinazokusanywa chini ya jina hili ni nyingi na hazifanani. Saratani inayoogopwa hutokana na seli changa za uzazi ambazo, badala ya kukomaa, hubaki katika uchanga wake ndani ya tezi isiyoumbika vyema. Na katika kromosomu ya Y ipo sehemu ambayo, ikiwa ndani ya tezi ya namna hiyo, huzisukuma seli hizo kuelekea uvimbe. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama mtoto ana Y au hana. Ni lazima iulizwe tezi imeumbika kwa kiasi gani, iko wapi mwilini, mwili unaiitikia homoni yake au hauiitikii, na mtoto ana umri gani. Katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago mwaka 2005, ambao makubaliano yake yalichapishwa mwaka 2006, hatari iliwekwa katika jedwali, hali moja baada ya nyingine. Mwenye kromosomu ya Y ambaye tezi zake zilishindwa kuumbika na zimebaki tumboni alikadiriwa hatari ya 15 hadi 35 kwa mia. Wenye ugonjwa wa Frasier walikadiriwa 60 kwa mia, na wenye Denys-Drash 40 kwa mia; haya ni magonjwa mawili adimu ya jeni ambayo hushambulia figo pia. Kwa watoto hawa sina ubishi na daktari yeyote. Tezi zitolewe, na zitolewe mapema, hasa kwa kuwa kwa wengi wao tezi hizo ni utepe tu wa nyama usiotoa homoni ya maana, hivyo mtoto hapokonywi kitu kilichokuwa kikimfaa.

Lakini katika jedwali hilo hilo, mwanamke mwenye XY ambaye mwili wake hauitikii testosteroni hata kidogo alikadiriwa 2 kwa mia. Hii ndiyo hali ambayo daktari anapaswa kuifikiria kwanza anapokuta korodani ndani ya ngiri ya msichana. Kiwango kinachotajwa sana kwa watoto wa hali hii ambao hawajabalehe ni cha chini zaidi, hakifiki hata mmoja kwa mia. Hatari hupanda katika utu uzima, na tafiti za watu wazima zinatofautiana sana kuhusu inapanda kwa kiasi gani. Kwa hiyo wapo wanawake ambao, baada ya kuelezwa yote, huchagua kuzitoa wakiwa watu wazima, na uchaguzi wao ni wa busara sawa na wa wale wanaochagua kuziacha. Linalojulikana ni kwamba katika umri wa miaka saba hakuna haraka yoyote.

Tena korodani hizo hazikai bure. Testosteroni yake, ambayo mwili hauisikii, hugeuzwa kuwa estrojeni, na estrojeni hiyo ndiyo inayomwotesha msichana matiti, ikamjaza nyonga na kuijenga mifupa yake katika miaka ile ambayo mifupa hujengwa mara moja tu maishani. Anapata haya yote bila kidonge, bila foleni na bila shilingi. Msichana wa 1998 angeweza kubalehe mwenyewe. Huenda hali yake ilikuwa nyingine, mojawapo ya zile za hatari kubwa, na daktari yule alimwokoa. Siwezi kuapa kwamba sivyo. Aliyeweza kutuambia alikuwa mtaalamu wa patholojia, na chupa haikumfikia.

Zipo pia namba ambazo, zikitajwa bila kusema zimetokana na watu wangapi, humtisha mzazi bure. Kwa upungufu wa kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza testosteroni, jedwali la 2006 liliandika 28 kwa mia. Wagonjwa waliokuwa nyuma ya namba hiyo ni 7. Kwa upungufu wa kimeng'enya kingine, kile cha 5-alfa, ambacho huigeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, liliandika sufuri, na waliohesabiwa ni 3. Sisemi kwamba namba hizo ni za uongo, na walioziandika hawakuficha idadi hiyo. Iliandikwa pembeni, kwenye jedwali lile lile. Ila mzazi anayeambiwa kwamba zaidi ya robo ya watoto wa namna hii hupata saratani ana haki ya kuambiwa, kwa pumzi hiyo hiyo, kwamba ni wawili kati ya saba.

Halafu kuna wasiohusika kabisa, nao hupitishwa chini ya mwavuli huo huo. Watoto wa XX, yaani wenye kromosomu za kawaida za kike, walio na ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambao ni wengi miongoni mwa wasichana wanaozaliwa na viungo vya uzazi vyenye utata, wana ovari za kawaida zisizobeba hatari hii. Kinachowaua ni kupoteza chumvi katika wiki za kwanza za maisha, na dawa zake ni vidonge. Nimesikia kwa masikio yangu mzazi wa mtoto kama huyo akielezwa kwamba "sehemu hii nayo ipunguzwe isije ikaleta matatizo", na mzazi, ambaye neno saratani lilikuwa limetajwa katika wodi asubuhi ile kwa ajili ya mgonjwa mwingine, akaelewa alivyoelewa.

Kwamba tezi hizi zinaweza kuondolewa bila sababu yoyote ya kiafya tumeliona katika riadha, na Afrika Mashariki inalijua kuliko wengi. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha taarifa ya wanariadha wanne vijana kutoka nchi zinazoendelea, wote wenye upungufu wa 5-alfa, waliotolewa korodani zao; katika maandishi yao wenyewe walikiri kwamba kuziacha hakukuwa na hatari kiafya. Annet Negesa wa Uganda, mkimbiaji wa mita 800, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo mwaka 2012 bila ya kuelezwa ipasavyo alichokuwa akitolewa. Hao walikuwa watu wazima, wenye umaarufu na makocha, na walikuwa wanaweza kuuliza maswali. Mtoto wa miaka saba hana hata kimoja katika hivyo.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi na zamani nililitoa mwenyewe. Hujibiwa kwamba hapa si Ulaya. Mtoto huyu anatoka ndani ya Tana River au Turkana. Akiondoka leo hatumwoni tena. Hakuna atakayempiga picha ya altrasaundi kila mwaka. Na hata ikipigwa, altrasaundi haizioni seli zilizoanza kubadilika kabla hazijawa uvimbe. Bora tumalize kazi akiwa bado mezani. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na sehemu ya altrasaundi ni kweli tupu. Lakini tazameni inakotufikisha. Mtoto aliyetolewa tezi zinazofanya kazi anahitaji homoni kuanzia umri wa kubalehe hadi uzee, kila siku, pamoja na mtu wa kumpimia mifupa na kumrekebishia dozi. Ikiwa hatuwezi kumpata mara moja kwa mwaka ili tumtazame, tutampataje siku 365 ili tumpe kidonge? Kumtoa tezi hakumwondoi kliniki. Kunamfunga kliniki maisha yake yote, na kama kliniki hiyo haipo, basi tumemkinga na hatari ya wawili kwa mia kwa kumpa mifupa myepesi ambayo ni ya hakika. Mgonjwa wangu alikuwa akitumia vidonge vya kupanga uzazi alivyonunua duka la dawa, kwa ushauri wa shoga yake, pale alipokuwa na pesa. Alikuwa amejitibu kwa kubahatisha, na bado alikuwa amefanya zaidi ya yale hospitali ilimfanyia.

Njia ya katikati ipo, na si ya kitajiri. Korodani iliyo tumboni inaweza kushushwa karibu na kinena ili ishikike kwa mkono na ionekane kwa mashine za kawaida. Kipande kidogo kinaweza kuchukuliwa baada ya kubalehe na kusomwa. Na mtoto mwenyewe, akifika miaka 14 au 16, anaweza kukaa kitini akaulizwa.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Tarehe 5 Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola, katika kesi ya mtoto aliyeitwa mahakamani Mtoto A, ambaye hospitalini palipoandikwa jinsia yake paliwekwa alama ya kuuliza, alimwagiza Mwanasheria Mkuu aripoti ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za watu huntha na hatua zilizofikiwa kuhusu kanuni za upasuaji wao. Jopokazi likaundwa mwaka 2017. Sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu watu 1,524, idadi ambayo kila aliyefanya kazi wodi ya uzazi anajua kwamba ni ya wale tu waliokubali kujitaja mlangoni mbele ya karani na jirani. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kifungu cha 21 kinampa mtoto huntha haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata matibabu, na kifungu cha 23 kinakataza kubadilisha au kuondoa kiungo chake isipokuwa kwa ushauri wa mtaalamu wa jeni, katazo lililowekwa katika orodha moja na ukeketaji na ndoa za utotoni. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nilikaa kitako.

Lakini kukisoma mara ya pili kunaonyesha mwanya. Sheria inasema ushauri. Haisemi uandikwe, haisemi mtaalamu awe amemwona mtoto au amesoma kipimo gani, wala haisemi daktari afanye nini anapokutana na korodani kwenye ngiri saa nne asubuhi, mgonjwa amelala, tumbo li wazi, na mtaalamu wa jeni aliye karibu yuko Nairobi. Wataalamu hao ni wachache mno nchini. Simu moja ya dakika tatu, "Ndiyo, zina hatari, endelea," inaweza kuitwa ushauri. Katika mwanya huo neno saratani litapita kama lilivyopita mwaka 1998, safari hii likiwa na muhuri wa sheria.

Kwa hiyo namwomba Mheshimiwa Waziri, pamoja na Baraza, atoe mwongozo utakaokifafanua kifungu hicho kwa lugha ya chumba cha upasuaji. Pasiwe na tezi ya mtoto inayoondolewa kwa ajili ya kukinga saratani mpaka faili iwe na jibu la kromosomu, jina la hali inayodhaniwa, kiwango cha hatari cha hali hiyo pamoja na idadi ya watu ambayo kiwango hicho kimetokana nayo, na sahihi za zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa mtaalamu wa jeni peke yake haijui mifupa na mpasuaji peke yake hazijui homoni. Uvimbe uliokwisha kuonekana ni jambo jingine na usicheleweshwe hata siku moja. Daktari aliyekutana na korodani katika ngiri ya msichana ashone ngiri, achukue kipande kidogo kama anapo mahali pa kukipeleka, airudishe tezi, afunge, aandike alichokiona kama alivyokiona, kisha azungumze na wazazi wakiwa wamekaa. Nasisitiza kuandika, kwa sababu kitabu cha upasuaji kikisema uongo, kila atakayefuata atajenga juu ya uongo huo.

Fomu ya idhini nayo ibadilishwe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, faida, hatari, gharama na haki ya kukataa, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. "Zinaweza kugeuka saratani" si maelezo. Maelezo ni kusema: "Katika watoto 100 wenye hali kama ya mwanao, wawili wanaweza kuupata ugonjwa huu, na mara nyingi ni baada ya kukua, tukizitoa leo hatabalehe bila dawa, na dawa ni za maisha." Mama aliyeweka dole gumba mwaka 1998 alikuwa muuza samaki, na mtu anayeuza samaki kwa fungu anaielewa hesabu ya wawili kwa mia vizuri kuliko baadhi yetu tuliovaa sare.

Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, ombi langu ni la pesa, nami sioni haya kulitaja. Kipimo cha kromosomu na kipimo cha patholojia kwa kila tezi inayotolewa kwa mtoto vilipwe bila familia kuulizwa mfuko, na jibu liwekwe kwenye faili na kwenye daftari la taifa lisilo na majina, ili baada ya miaka kumi tuwe na namba zetu wenyewe na tusiendelee kutegemea za watu saba wa mbali. Na kila aliyetolewa tezi, awe alistahili kutolewa au hakustahili, alipiwe homoni na kipimo cha mifupa maisha yake yote, kwa maneno yaliyoandikwa wazi katika orodha ya huduma, yasiyomhitaji kwenda kubembeleza dirishani na kumweleza karani sababu. Serikali iliyoruhusu kiungo kitolewe kwa jina la kinga ndiyo inayodaiwa kile ambacho kiungo hicho kilikuwa kikitoa bure.

Limebaki moja, dogo kwenu na kubwa kwa mtu mmoja. Mwanamke niliyemtaja sasa ana miaka zaidi ya 30. Mwaka jana aliomba faili lake la utotoni, kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyomruhusu kuomba taarifa zake, akajibiwa kwamba mafaili ya miaka hiyo yaliteketezwa. Kilichosalia ni kile kitabu, na ndani yake maneno matatu niliyoyaandika mimi. Kila daktari anayemtibu huanza na ngiri. Mwezi uliopita nilikwenda kwa wakili, nikaapa hati ya kiapo nikieleza kilichotolewa siku ile, kilivyoonekana, kilivyotiwa kwenye chupa na chupa ilivyopotea. Nakala moja amepewa yeye. Nyingine nimeiambatisha kwa barua iliyoletwa ofisini kwenu, jina lake likiwa limefunikwa kama alivyoomba. Nimekwenda hospitalini na kaunti kuuliza ni nani anayepokea marekebisho ya namna hii ili yaingie katika kumbukumbu zake, na kila mlango umenielekeza mlango mwingine. Naomba nijibiwe kwa maandishi ni ofisi ipi.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mstaafu, Pwani